Matembezi ya makaburini Tukuyu: mgeni ataonyeshwa kaburi la nani?

Katika kipindi chetu cha asubuhi tuliwauliza wasikilizaji swali tuliloliona jepesi. Kama Tukuyu ingekuwa na matembezi ya kuongozwa, ya saa mbili au tatu kwa miguu, mgeni aonyeshwe nini? Simu zilimiminika. Wa kwanza alitaja Boma la Mjerumani, wa pili akataja soko. Shabiki mmoja wa mpira akasema bila Tukuyu Stars, timu ya hapa hapa iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, hayo hayatakuwa matembezi ya Tukuyu bali ya mji mwingine. Kijana wa bodaboda akapendekeza makaburi ya wazungu, kwa sababu wageni wanaokuja huwa wanayaulizia.

Kisha akapiga bibi mmoja wa Ibighi. Tulimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Wanangu, mkishamaliza ya wazungu, mtawapitisha kwenye ya nani?"

Tuliishiwa maneno hewani, jambo ambalo katika kazi hii si la kawaida. Makala haya ni jaribio la kumjibu, maana swali lake ni zito kuliko letu.

Kulipia kiingilio ili kutazama makaburi si jambo geni duniani. Père Lachaise ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1804, watu huizunguka na ramani mkononi wakitafuta majina ya waandishi na wanamuziki. Highgate ya London, alikozikwa Karl Marx, hutoza wageni, na fedha hizo husaidia kutunza eneo lenyewe. Kwa mtu wa Rungwe hili linaweza kusikika kama mzaha. Hapa kaburini huendi kutembea. Unakwenda kwa sababu umefiwa, au unakwenda kufyeka majani ya kaburi la baba yako.

Lakini hata Afrika Mashariki jambo hili lipo. Kasubi, Kampala, walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda, wageni huongozwa na watu wenye dhamana ya mahali pale. UNESCO iliyaingiza makaburi hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, moto ukateketeza jengo kuu Machi 2010, na mwaka 2023 yakaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya kujengwa upya. Songea kuna makumbusho ya Maji Maji na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Hapo ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliposimama tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha. Na Iringa, jengo la Boma lililojengwa mwaka 1914 kama hospitali ya jeshi limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016 kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ukiwa mjini Iringa unaweza pia kuyaona makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza na Wajerumani, waliopigana wao kwa wao na sasa wamelala eneo moja.

Kwa hiyo Tukuyu haingekuwa ya kwanza. Swali ni itafanya namna gani.

Tulichokiona kwa miguu

Baada ya kipindi kile tuliamua kutembea wenyewe, watu watatu wa studio, mwavuli mmoja. Wanaoijua Tukuyu wanajua kwamba mwavuli mmoja kwa watu watatu ni uzembe.

Tulianzia Boma. Wajerumani waliweka kwanza makao yao Lumbila, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwaka 1893, wakapaita Langenburg. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakahamia huku juu penye baridi na kuuita mji Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey, yaliyotoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaliuchukua mji. Jengo limebaki, na bado ni ofisi. Mtu anaingia pale kufuatilia karatasi zake wala hafikirii kwamba anapita kwenye historia, na sisi tunaona hilo ni jambo zuri. Jengo linalotumika halianguki haraka.

Kutoka hapo tukaingia mitaani, na hapo ndipo matembezi yalipopata ladha. Soma majina ya kata za mji huu: Bulyaga, Ibighi, Kawetele, Makandana. Hayo ni ya huku huku. Halafu unakutana na Bagamoyo. Halafu Msasani. Mtu aliyezaliwa Dar es Salaam akisikia kwamba unatoka Msasani hadi Bagamoyo kwa mguu kabla chai haijapoa, atakuona umechanganyikiwa. Bahari iko mbali nasi kiasi cha kilomita mia nane na zaidi kwa barabara.

Majina hayo hayakuletwa na mvua. Utawala wa Kijerumani uliendeshwa na watu waliotoka pwani au waliopitia pwani: askari, makarani, makuli, wapishi, wapagazi, wafanyabiashara. Kila palipojengwa boma, pembeni yake palikua kijiji cha watu wanaoongea Kiswahili, mbali na kwao. Watu hao waliishi, wakaoa, wakafa. Na hawakuwa na shamba la ukoo la kuzikwa.

Hapo ndipo swali la bibi wa Ibighi linapoanza kuuma.

Mtaa kama jiwe la kaburi

Wale wapagazi ndio kisa kikubwa zaidi cha makaburi yasiyokuwepo katika nchi hii. Vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vilipiganwa mahali ambapo magari yalikwama na wanyama walikufa kwa mbung'o, hivyo risasi, unga na dawa vilibebwa kichwani. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa upande wa Waingereza pekee, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jeshi la Northey lililokuja kwetu lilisukumwa na watu wa aina hiyo hiyo, waliotolewa vijijini pande zote mbili za mpaka wa sasa.

Wako wapi? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Dar es Salaam inaonyesha jinsi ilivyokuwa. Mwaka 1968 barabara mpya ilipotakiwa kujengwa, makaburi 660 ya vita hiyo yaliyokuwa Ocean Road yalihamishiwa kwenye makaburi mapya kando ya Barabara ya Bagamoyo. Waliozikwa chini ya mawe yenye majina walihamishwa mmoja mmoja. Katika sehemu zilizotengwa kwa Waafrika Wakristo, Waislamu na wasio Wakristo, makaburi hayakuwa yamewekewa alama ya kila mtu, hivyo waliozikwa humo walizikwa upya katika makaburi ya pamoja, kila moja likiwa na ukuta wa kumbukumbu.

Mpagazi aliachiwa sanamu na mtaa. Sanamu ya askari ipo katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, na nyingine zipo Nairobi na Mombasa. Mtaa ni Kariakoo. Jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ambacho kambi yake ilikuwa hapo, na Nairobi nako wana Kariokor yao. Mamilioni wanakwenda Kariakoo kununua vitenge na simu, na wanatamka jina la kikosi kilichozikwa bila majina.

Ndiyo maana tunasema kwamba kwa Tukuyu mitaa na makaburi ni habari moja. Ukimpeleka mgeni kwenye makaburi yenye mawe tu, utakuwa umemweleza habari za watu waliokuwa na uwezo wa kuagiza jiwe. Bagamoyo na Msasani zetu ndizo zinazowataja wengine. Mwongozaji anayejua kazi yake angesimama njia panda ya Bagamoyo ya Tukuyu kwa muda mrefu kuliko anavyosimama Boma.

Rungwe Misheni nako lazima mtu afike, hata kama ni nje ya mji na miguu italalamika. Wamoraviani walianza kazi pale mwaka 1891. Walikuja kwa njia ya maji, kupitia Ziwa Nyasa, wakapanda kutoka Karonga. Mmoja wa wale wa kwanza, Georg Martin, alifariki mwaka huo huo. Kanisa hili lina desturi ya pekee kuhusu makaburi, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18: mawe yawe bapa, yalale chini, yalingane, tajiri na fukara wasitofautiane baada ya kufa. Julai 2024 UNESCO iliiingiza Herrnhut katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, zikiungana na Christiansfeld ya Denmark iliyokuwemo tangu mwaka 2015. Rungwe haimo katika orodha hiyo. Lakini mtu aliyewahi kutembea Herrnhut akija hapa ataelewa anachokiona, na kwa wale wanaopanga utalii hiyo ni nafasi ambayo hatujaitumia: familia moja ya makanisa, mabara tofauti, desturi moja ya kuzika.

Uani kwa mtu

Ibighi tulifika mvua ikianza. Huku mji unapungua na migomba inaongezeka. Na huku makaburi hayako makaburini. Yako uani.

Kwa wasomaji wasio wa Rungwe tueleze kidogo. Mnyakyusa kwa desturi anazikwa nyumbani, kwenye ardhi ya familia, na msiba wake si wa kunong'ona. Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson, aliyeishi huku na mkewe Monica katika miaka ya 1930, aliandika mwaka 1939 makala nzima kuhusu desturi za maziko za Wanyakyusa: ngoma, ng'ombe wanaochinjwa, wanaume wanaocheza na mikuki. Mikuki imepungua sana. Nyumbani pamebaki. Leo utaona kaburi la babu limejengewa kwa saruji na kuwekwa vigae, hatua chache kutoka jikoni, kuku wamelala juu yake kwa sababu vigae vinapata joto jua likiwaka. Watoto wanasomea hapo. Hakuna anayeona ajabu.

Baba mwenye nyumba tuliyojikinga mvua alitukaribisha ndani, tukapewa chai ya maziwa na ndizi, na baada ya kuulizana habari kwa kirefu ndipo tulipogusia makaburi matatu ya pale nje. Alituambia nani ni nani. Mmoja alikuwa mama yake. Tulipomuuliza kama angekubali wageni waletwe kuyaona, hakukasirika. Alisema: "Akija kama mgeni wangu, nitamwonyesha mwenyewe. Akija kama mgeni wenu, anatafuta nini kwa mama yangu?"

Tunadhani mipango mingi ya utalii wa utamaduni hukosea katika kutofautisha mambo hayo mawili, mgeni wangu na mgeni wenu. Kuna miji ambako watu huongozwa kutazama mitaa ya watu maskini, Kibera ya Nairobi ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na mjadala haujaisha: wapo wanaosema mtaa unapata kipato na sauti, wapo wanaosema watu wamegeuzwa maonyesho. Sisi hatuoni kwamba jibu ni kupiga marufuku. Lakini aliyetazamwa lazima awe ameulizwa kwanza, na awe na uwezo wa kukataa bila kuonekana adui wa maendeleo.

Hili si la kinadharia kwa watu wa Mbeya. Mradi wa REGROW, uliolenga kukuza utalii wa kusini kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 150, ulisimamishiwa malipo Aprili 2024 na kufutwa Novemba mwaka huo, baada ya malalamiko ya wananchi wanaopakana na Hifadhi ya Ruaha, wakiwemo wa Mbarali, jirani zetu. Matembezi ya mjini ni kitu kidogo mno ukilinganisha na hifadhi. Hata hivyo swali ni lile lile: nani aliulizwa?

Sheria inasema nini

Wasikilizaji wawili walidhani kwamba makaburi ya zamani ya mjini yanalindwa tayari na serikali. Si hivyo moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatazama hasa vilivyojengwa kabla ya mwaka 1863. Tukuyu yote ya Wajerumani ni ya baada ya hapo. Cha karibuni kuliko hapo kinahitaji kutangazwa na Waziri ndipo kilindwe.

Upande mwingine kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Hiyo inaruhusu makaburi kuhamishwa ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Wenye kaburi wanatakiwa kupewa taarifa, na fidia inahusu gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na hata tambiko. Ni sheria inayomjali mwenye ndugu. Kaburi la baba wa Ibighi lina watu wa kulisemea. Lakini kaburi la karani wa pwani aliyekufa hapa akiwa peke yake miaka mia iliyopita, jiwe limezama, wajukuu hawajulikani, litasemewa na nani siku barabara ikipanuliwa au kiwanja kikipimwa? Anayekata kiwanja hata hatajua kwamba pana kitu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, na atakayeupinga atupigie. Kabla Tukuyu haijachapisha kipeperushi cha matembezi, ianze na daftari. Wenyeviti wa mitaa, misikiti, makanisa na wazee waandike makaburi ya pamoja yaliyopo, mipaka yake, nani anayafyeka, na majina yoyote yanayokumbukwa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, mabuti ya mvua na watu wenye subira ya kusikiliza wazee, na wazee hao hawatungoji. Makaburi ya uani yasiandikwe kabisa isipokuwa mwenye nyumba ametaka.

Kuhusu fedha, tusizunguke. Tuchukue mfano tu: wageni watano, kila mmoja analipa shilingi 20,000, inakuwa laki moja kwa mchana mmoja. Mwongozaji atachukua sehemu yake kwa haki. Anayefyeka makaburi, ambaye mara nyingi hufanya hivyo bila malipo, naye apate, tena kabla ya ofisi yoyote. Vinginevyo matembezi yatapita kwenye majani marefu na mgeni atakuwa amelipa kutazama vichaka.

Na mwongozaji mwenyewe? Vijana wa hapa wanaojua kuwapeleka wageni Daraja la Mungu na Ziwa Ngozi wapo, na ni wazuri. Ila mlima hausemi umedhulumiwa ukikosea urefu wake. Kaburini ukikosea jina, kuna mtu ataumia. Pale Masoko, penye ziwa la kreta ambako Wajerumani waliweka kikosi chao, hadithi ya hazina iliyotupwa majini inasimuliwa kwa utamu sana, na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kwamba msimuliaji akishamaliza hazina, huwa hana la kusema juu ya waliokuwa wakilipikia kikosi hicho.

Yule bibi wa Ibighi tulimpigia juzi kumweleza tulichopata. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ndaga, kisha akatuambia kwamba babu wa mumewe alikuja na wazungu kutoka pwani, alikuwa fundi seremala, na amezikwa mjini, si kijijini. Anapajua. Kuna mti.

Kipindi kijacho cha mada hii tutakifanya tukiwa nje ya studio. Kama unajua kaburi la zamani mjini Tukuyu lisilo na mtunzaji, tutumie jina la mtaa na la jirani wa karibu anayeweza kutuonyesha. Jina la marehemu tutalisoma hewani endapo tu ndugu yake ndiye aliyetupa.